Matofali Manane ya Babu Yako

Mwanangu, ipo Jumapili moja ambayo kila nikiikumbuka nacheka kwanza, halafu naona haya, halafu nacheka tena. Kaa vizuri nikusimulie. Najua nyie mmezoea mambo mafupimafupi ya kwenye simu, na hili si fupi. Mimi shangazi yako nimefundisha hesabu shule ya msingi miaka zaidi ya thelathini, na mwalimu wa hesabu haruki hatua.

Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na mitatu. Mimi na mume wangu tulikuwa tumehamia Kipawa na watoto wetu wawili, kwenye nyumba ya vyumba vitatu ambayo dirisha moja lilikuwa bado limezibwa kwa mbao. Mama yangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na babu yako akabaki peke yake Korogwe. Wewe ulimkuta mzee wa kahawa na redio, lakini kabla ya hapo alikuwa mpishi wa shamba la mkonge. Maisha yake yote alisonga ugali wa kambi nzima kwenye sufuria ambayo mtoto angeweza kuogea. Sasa alikuwa anasonga wa mtu mmoja, mkono unakataa kupunguza, nusu nzima inamwagwa. Jirani yake ndiye aliyenieleza hayo ya kumwaga, na mimi nililia siku nzima.

Nikaenda kumwomba aje Dar akae nasi. Akakataa. Nikarudi na mume wangu, akakataa tena, ila safari hii kwa adabu zaidi kwa sababu ya mkwe. Mara ya tatu nikaenda na Hamisi, mdogo wangu, huyuhuyu baba yako. Hamisi alikuwa kijana wa Kiwalani, fundi ujenzi aliyeanza kupata jina, na alimjua mzee kuliko mimi. Hakumwomba chochote. Alimwambia tu, "Mzee, dada anataka kujenga chumba uani. Mie peke yangu siwezi, na vibarua siku hizi wanasumbua. Njoo utushike mkono."

Babu yako akauliza chumba hicho kitakuwa cha nani. Hamisi akajibu, "Si atakaa aliyekijenga?"

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Basi nakuja," akasema. "Ila sikilizeni. Mie siendi kuwa mgeni kwa mwanangu. Mgeni anakaa sebuleni anaulizwa kama chai imekolea sukari. Mie nikija, nakuja kujenga. Siku mtakayoniambia nikae pembeni, siku hiyo narudi kwangu."

Yashike maneno hayo, mwanangu, maana yote yaliyofuata yalitoka humo.

Tukaanza. Mimi nilikuwa na nafasi Jumamosi na Jumapili tu, kwa hiyo ndizo zilikuwa siku zetu za kazi. Hamisi alichimba msingi na mume wangu. Matofali tuliyafyatua wenyewe palepale uani, wanangu wakiyamwagia maji asubuhi na jioni na kulowana wao zaidi ya matofali. Ndege zilipita juu yetu kila baada ya muda, na sisi watu wa Kipawa tulishazoea: mtu anakata neno katikati, anasubiri mdomo wazi, ndege ikipita anamalizia neno lake pale lilipokatikia. Babu yako ilimchekesha sana hiyo. Kwa kweli zilikuwa siku za furaha. Nyumba nzima ilinuka saruji na maharage ya nazi.

Kila mtu alikuwa na kazi yake. Hamisi alikuwa fundi, mume wangu alibeba, babu yako alikoroga. Alikoroga vizuri ajabu. Aliushika mchanganyiko ule kama chakula, akiuonja kwa vidole, akisema umezidi maji, umekauka, subiri kidogo uchanganyike. Hamisi alisema tangu aanze kujenga hajapata kupewa saruji laini namna ile.

Na mimi? Mimi nilijipa kazi ya kukagua. Hakuna aliyenipa, nilijipa mwenyewe. Nilizunguka na pima maji ya Hamisi mkono mmoja, chaki nyekundu mkono wa pili, na nikiona tofali limeinama naliweka alama ya kosa, kubwa, ileile ninayoweka kwenye daftari. Mume wangu alijaribu kujenga siku moja akapata makosa manne. Akasema hajafeli hivyo tangu darasa la sita. Hamisi akaniuliza, "Dada, nyumba hii ikiisha tunapewa cheti?" Walikuwa wananitania, na mimi nilidhani wananisifu. Nilikuwa hivyo, mwanangu, na sitakuficha: nilipenda kitu kikae sawa kuliko nilivyopenda watu wakae sawa.

Jumamosi moja, ukuta wa mbele ulipofika kozi ya tatu, yaani mstari wa tatu wa matofali, babu yako alinawa mikono, akamwendea Hamisi na kumwambia, "Haya, lete mwiko. Leo na mie najenga." Hamisi akampa.

Alijenga mchana kutwa. Akapanga matofali manane, kando ya mlango, mahali pa kuonekana kuliko pote. Alikuwa na kijiko cha chai mfukoni, na kila tofali likishakaa alilainisha maungio yake kwa mgongo wa kijiko, taratibu, huku akiimba kwa sauti ya puani. Sikuwahi kumsikia akiimba tangu mama afariki. Watoto walikaa chini wakimtazama.

Alipomaliza nikausogelea ukuta. Tofali la tatu lilikuwa limetoka nje, la sita limezama ndani, na mstari wote ulikuwa unapanda mdogomdogo kuelekea mlangoni. Chaki ilikuwa mkononi. Angalau aibu kidogo nilikuwa nayo, sikuitumia. Nikamvuta Hamisi pembeni.

"Umeona?" nikamwuliza.

"Nimeona."

"Utafanyaje?"

"Sifanyi kitu. Kozi inayofuata nitaongeza saruji huku, nitapunguza kule, itarudi sawa. Na plasta itafunika. Dada, liache hivyohivyo."

Liache hivyohivyo! Kwa mwalimu wa hesabu! Na kulikuwa na jingine: Jumapili ile jioni walimu wenzangu wawili walikuwa waje kunitembelea, mara yao ya kwanza, na njia ya kuingia uani ilipita mbele ya ukuta huohuo.

Asubuhi yake babu yako alikwenda msikitini kuswali alfajiri. Kawaida yake alibaki huko kusikiliza darasa mpaka jua litoke. Nikaona nafasi ndiyo hiyo. Nikafunga khanga kiunoni, nikachukua mwiko, nikaanza kuyaondoa matofali yake. Saruji ilikuwa haijakomaa, yakatoka kama meno ya mtoto. Mume wangu alifungua dirisha akanitazama.

"Mama Salma, una hakika?" akaniuliza.

"Nina hakika," nikamjibu.

Sijapata kuwa na hakika hivyo juu ya jambo la kijinga. Nikakwangua matofali yote manane, nikakoroga saruji mpya, nikafunga kamba ya Hamisi na kuyapanga upya. Nilikuwa nimemwona fundi akifanya muda wa kutosha, na kusema kweli nilijitahidi. Jua lilipotoka, kile kipovu cha pima maji kilikuwa katikati kabisa. Nikasimama mbali kidogo nikautazama ukuta nikafurahi, tena nikafurahi sana.

Babu yako akaingia na vitumbua mkononi vimefungwa kwenye gazeti. Akapita mbele ya ukuta, akasimama. Akanyoosha kidole akakipitisha kwenye maungio, pale alipokuwa amelainisha kwa kijiko. Saruji yangu ilikuwa mbichi na mbaya, ikamkwaruza. Akakitazama kidole chake.

"Zuhura," akaniita.

"Abee, baba."

"Haya."

Hiyo haya yake sijaisahau. Akaweka vitumbua juu ya rundo la matofali, akaingia ndani, akatoka na kibegi chake.

"Nakwenda kumsalimia Mwanahawa," akasema. Mwanahawa ni dada yake, shangazi yetu wa Temeke.

"Utarudi saa ngapi, baba?"

"Kuleni vitumbua vingali moto," akanijibu, akaondoka.

Hamisi alipokuja kazini hakuhitaji kuambiwa. Aliutazama ukuta, akatazama mahali pa kibegi, akanitazama mimi. "Dada, umefanya nini?" akasema, na baba yako si mtu wa kukosa utani, lakini siku hiyo hakutania. Akakusanya vyombo vyake akarudi Kiwalani. Alisema yeye leo hajengi. Jioni wakaja walimu wenzangu. Wakasema hongera mnajenga, wakapita moja kwa moja barazani, wakanywa soda, wakazungumza habari za mwalimu mkuu mpaka magharibi. Ukuta hakuna aliyeutazama.

Babu yako hakurudi siku ile. Nikajiambia ni uzee tu, atapoa.

Jumatatu nilikuwa darasa la tano nafundisha sehemu, nikasikia mlango unagongwa kwa nguvu ya mtu asiyeomba ruhusa. Shangazi Mwanahawa huyo, kavaa baibui lake, kutoka Temeke mpaka shuleni kwangu. Nikatoka nje haraka.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, ila sikujia shikamoo. Kaka yangu yupo kwangu toka jana, anakula tonge mbili anasukuma sahani. Leo kanituma nimwulizie basi la Korogwe la Jumatano. Umemfanya nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza vizuri, kwa hatua, nikamalizia kwa kusema kwamba sikuwa na nia mbaya, nilikuwa nimesahihisha tu.

"Umesahihisha?" Sauti yake ilipanda. "Baba yako amekuwa daftari?"

Nyuma yangu nikasikia madawati yanasogea. Wanafunzi wangu walikuwa wamejaa dirishani, vichwa juu ya vichwa.

"Nikuulize, Zuhura. Wali wako wa kwanza, nilikuwepo mie, ulitoka uji juu na mkaa chini. Ndiyo siyo?"

"Ndiyo, shangazi."

"Kaka yangu ni mpishi. Watu walikuwa wanamfuata kutoka mbali aje awapikie harusi. Aliula wali ule au hakuula?"

"Aliula."

"Sahani ngapi?"

"Mbili," nikasema.

"Alikwambiaje?"

"Aliniambia ni mtamu."

"Je, aliumwaga akapika mwingine wakati wewe umekwenda kisimani?"

Dirishani wakacheka wote kwa pamoja. Mwanangu, darasa lile lilinikomesha mwezi mzima. Nikimwambia mtoto arudie swali, naona mwenzake anatabasamu. Lakini mimi pale mlangoni mawazo yangu yalikuwa mbali. Nilikuwa naiona ile sahani ya pili. Nilikuwa na miaka tisa, na nilikuwa nimesahau kabisa.

Shangazi akapunguza sauti. "Jioni unapita kwangu. Usinunue kitu. Zawadi haisaidii. Njoo na mdomo wa kuomba radhi."

Nilipofika Temeke nilimkuta babu yako kwenye mkeka, ungo mapajani, anachambua mchele. Hata kwa dada yake hakukaa bure. Kwetu mtu haombi radhi kwa mzazi akiwa amesimama, wala haanzi mwenyewe kusema. Nikakaa chini, na shangazi ndiye aliyefungua maneno. "Kaka, mwanao amekosa, na anajua amekosa. Nimekuletea."

Babu yako akaendelea na mchele. Baadaye akaniuliza, "Ule ukuta ungeanguka?"

Nilitamani kusema ndiyo. Ingekuwa rahisi sana. Lakini nilikuwa nimemwuliza Hamisi, na jibu nilikuwa nalijua.

"Hapana, baba. Usingeanguka."

"Basi uliuvunja kwa nini?"

"Niliona aibu. Walimu wenzangu walikuwa waje."

"Walikuja?"

"Walikuja."

"Wakasemaje juu ya ukuta?"

"Hawakuutazama."

Shangazi akageuka upande kuficha kicheko. Babu yako hakucheka. Akaweka ungo chini.

"Mie naona, Zuhura. Sijawa kipofu. Nilijua yamepinda toka la tatu. Lakini pale kwako nilikuwa nalala sebuleni, watoto wananipita kwenda shule, najiona mzigo umetuliwa pale. Jumamosi ile ndio siku ya kwanza nililala vizuri. Nilijua kesho kutwa nitahamia kwenye chumba ambacho mkono wangu umo. Wewe ukautoa. Sasa mle nikiingia, nimeingia kwa nani?"

Nikalia. Nililia kwa sauti, mtu mzima wa watu, mwenye watoto wawili. Nilikuwa nimetoka Dar mara tatu kwenda kumwomba aje, na kwa asubuhi moja nilikuwa nimemfukuza. Nikamwambia, "Baba, nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Wewe mwanangu, nisipokusamehe nitampata wapi mwingine? Lakini Korogwe naenda."

Hapo nikaelewa kuwa radhi nimepata na baba simpati. Nikawaza haraka kuliko nilivyowahi kuwaza mbele ya ubao wowote.

"Baba, ukuta wa nyuma bado. Hamisi hajaweka hata tofali moja. Ujenge wewe, wote, toka msingi mpaka juu."

Akanitazama. "Na wewe utakuwa wapi?"

"Nitakupa matofali."

"Na chaki?"

"Itabaki shule."

"Na mdomo?"

"Huo hautabaki shule, kaka," akasema shangazi, "huo anao popote." Safari hii babu yako akacheka, na mimi nikacheka machozi yakinitoka.

"Jumamosi nitajenga kozi moja," akasema. "Nikisikia neno, mabasi ya Jumapili yapo."

Jumamosi hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Kubeba matofali si kitu. Kunyamaza ndiko kulikoniua. Hamisi, ambaye utani wake ulikuwa umerudi wote, aliniletea muwa mrefu akaniambia, "Tafuna, dada, usije ukateleza." Nikatafuna. Kozi ya kwanza ikapita, na mzee akaendelea. Kozi ya pili likawekwa tofali moja limechomoza hata mtoto angeliona, na neno likanifika kwenye meno kabisa. Ndege ikatusaidia. Ilipopita juu ya nyumba nikasema yote, mfululizo, kwa sauti yangu ya darasani, na hakuna mtu aliyesikia hata silabi moja. Ilipokwisha kupita nilikuwa nimepoa, nikampa mzee tofali jingine.

Nikwambie na hili, lisije likakupita. Kwenye kona, pale ukuta wake ulipokutana na wa pembeni, matofali hayakushikana vizuri. Hamisi hakumvizia. Alikuja akachuchumaa mbele ya babu yako, mwiko wa mzee ukiwa bado mkononi mwa mzee, akasema, "Mzee, kona hii ikikaa hivi paa litatuangukia. Unaonaje?" Babu yako akaitazama, akashika mwenyewe yale matofali mawili akayatoa, akasema, "Nionyeshe yanavyokaa." Hamisi akamwonyesha, na mzee akayarudisha kwa mikono yake. Hakuna aliyebeba kibegi.

Tulimaliza. Chumba kimoja, choo chake na kibaraza, bati juu, plasta ndani na nje. Shughuli ya kuhamia aliipikia mwenyewe, pilau ya watu wa mtaa mzima, na hakikutupwa hata kijiko. Ukuta wa nyuma ulitoka na tumbo. Plasta ilifanya ilichoweza, lakini tumbo lilibaki. Kitanda hakikuweza kukaa kikagusana na ukuta, ukabaki mwanya, na babu yako akaugeuza ndiyo kabati lake: redio, tasbihi, kopo la kahawa. Mgeni hakuweza kunywa maji kabla hajapelekwa kuonyeshwa ukuta ule. "Huu nimejenga mie," alikuwa akiwaambia, akiupiga kofi. "Zuhura alikuwa kibarua wangu." Alikaa mle miaka kumi na mitatu. Siku moja ya Alhamisi, mchana, nilimpelekea chai nikamkuta amelala, ameelekea ukutani, redio inaongea, na yeye ameshaondoka. Alifia kwake. Hilo ndilo ninalomshukuru Mungu kila siku, kwamba hakufia sebuleni kwangu akiwa mgeni.

Sasa nakuja kwako.

Juzi nilifika Segerea kuona hicho chumba unachomjengea baba yako uani. Nimefurahi, mwanangu. Kimenyooka, hata mimi sikuona pa kuweka alama. Ndugu zako wote wapo, vijana wana nguvu, mnacheka, mnapiga muziki. Halafu nikamwona Hamisi. Mmemweka kwenye kiti cha plastiki karibu na tangi la maji, soda mkononi, kofia kichwani asichomwe na jua. Nikamwuliza, "Vipi, fundi?" Akasema, "Wameniambia nipumzike, dada." Nikasema ni jambo jema, wanakuonea huruma. Akasema, "Ndiyo." Kisha akaongeza, taratibu, ili nyie msisikie, "Namfikiria huyu wa Bagamoyo, binamu yetu, ana vyumba vingi. Nikae kwake kidogo."

Wewe ulidhani anapumzika. Mtu yule amewajengea watu nusu ya Kiwalani, na amekujengea hata nyumba uliyozaliwa. Najua mkono wake wa kulia umeanza kutetemeka, na najua ulimwona mwezi uliopita ameweka matofali matatu yamepinda. Najua pia kwamba asubuhi iliyofuata hayakuwepo. Hakunisimulia yeye. Niliziona alama kwenye ukuta, saruji ya matofali matatu rangi yake si ya wenzake. Hilo macho yangu hayawezi kulikosa.

Basi nikwambie wazi nilichojifunza. Ndugu yako au mzazi wako akija kukusaidia kujenga, usidhani amekuja kukupunguzia kazi tu. Amekuja kuweka mkono wake humo, ili kesho akiingia asibishe hodi. Msingi, nondo na paa usimwachie mtu asiyeviweza, hata awe nani, kwa sababu nyumba ikianguka haichagui. Lakini kilichopinda na hakianguki, kiache. Na kikiwa ni cha kuanguka, mwambie usoni, mwiko akiwa ameushika yeye, akitoe yeye, akirudishe yeye. Usisahihishe kazi ya mtu akiwa amekupa kisogo. Na wewe ukiona aibu, jiulize ni nani hasa anayeutazama huo ukuta.

Jumamosi asikute kile kiti. Kitoe uani kabla hajafika. Mwambie, "Baba, ukuta wa upande wa jiko bado, mie nitakupa matofali." Usiongeze neno. Ukishindwa kunyamaza, nipigie, nitakuletea muwa.

Mungu akubariki, mwanangu, na ndugu zako walioacha mapumziko yao wakaja kubeba mchanga. Akupe nguvu ya mikono na subira ya ulimi. Akujaalie watoto watakaokula wali wako wa kwanza wakasema mtamu. Na baba yako, Mungu amwongezee umri, aingie kwenye chumba kile kwa miguu yake, alaze ubavu karibu na ukuta uliopinda, na asiulize basi la Bagamoyo linaondoka saa ngapi.